Wafuasi Ni wa Instagram, Si wa Mchoraji

Mwanzoni mwa Juni 2024 programu ndogo ya wasanii kuonyeshea kazi zao, iitwayo Cara, ilikuwa na watumiaji wapatao 40,000. Wiki moja baadaye walikuwa 650,000. Waliomiminika kwenye programu hiyo, iliyoanzishwa na mpiga picha Jingna Zhang, walikuwa wachoraji, wapiga picha na wabunifu waliokuwa wameishi Instagram kwa miaka mingi. Kilichowatimua ni taarifa ya Meta, kampuni inayomiliki Instagram, kwa watumiaji wa Ulaya kwamba kuanzia tarehe 26 ya mwezi huo machapisho yao ya wazi yangetumika kufundishia akili mnemba.

Mkasa ule ulisimuliwa kama ugomvi wa wasanii na mashine. Ugomvi upo, lakini hautoshi kueleza kasi ile. Mtu hafungi duka linalouza kwa sababu ya tangazo moja la mwenye nyumba. Wengi walioondoka walikuwa wamekwisha kuona kwamba posti zao hazifiki kwa watu waliochagua wenyewe kuwafuata, na hali hiyo ina historia yake.

Hadi 2016 Instagram ilipanga picha kwa kufuata muda. Iliyopakiwa mwisho ndiyo iliyoonekana kwanza. Mchoraji aliyejua kwamba wateja wake hushika simu saa mbili usiku alipakia saa moja na nusu, basi. Mwaka huo kampuni ilitangaza kwamba mtu wa kawaida hukosa asilimia 70 ya machapisho ya wale anaowafuata, kwa hiyo mtambo, yaani programu ya kompyuta inayopanga machapisho, ndio utakaomchagulia cha kuona kwanza. Hoja hiyo haikuwa ya uongo, kwa sababu anayefuata akaunti 800 hawezi kuzimaliza. Lakini tangu siku hiyo kubonyeza kitufe cha kumfuata mchoraji kukawa maoni tu, ambayo mtambo unaweza kuyasikiliza au kuyapuuza.

Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, amevitaja hadharani vipimo vyenye uzito mkubwa: muda ambao mtu anakaa kwenye chapisho, laiki, na mara ambazo chapisho linatumwa kwa wengine kwenye inboksi. Sasa vipime vitu hivyo kwa mchoro. Mtu anayeupenda mchoro huutazama kidogo, akarudi baadaye kimyakimya, na miezi miwili ikipita ndipo anauliza bei. Hautumi kwa binamu yake kama anavyotuma kipande cha vichekesho. Mnunuzi wa kweli wa kazi ya shilingi laki tatu ni mtu wa kimya, na kimya chake mtambo unakisoma kama kutopendezwa. Kwa hiyo mchoraji anaadhibiwa kwa tabia ileile inayomfanya mteja wake awe mteja. Hakuna ushauri wa kuposti mara tatu kwa wiki au wa kubadilisha alama za reli utakaoponya jambo hilo.

Kisha zikaja video. Reels, yaani video fupi za Instagram, zilianza Agosti 2020 kuikabili TikTok, na Juni 2021 Mosseri akasema wazi kwamba Instagram si tena programu ya kushirikishana picha. Alitangaza mwelekeo wa kampuni, lakini kwa mchoraji ilikuwa amri ya kuongeza kazi ya pili juu ya ile ya kwanza. Kazi hiyo inafaa kuelezwa kwa undani, maana wanaosema "rekodi tu na simu yako" hawajawahi kuifanya.

Chukua mchoro wa Tingatinga, ule mtindo wa uchoraji wa Tanzania, wa sentimita 60 kwa 60 kwenye hadbodi. Rangi yake ni ya mafuta, ya kung'aa, ya jamii ile inayopaka baiskeli. Mng'ao huo ndio uzuri wa kazi na ndio adui wa kamera. Taa ikiwa nyuma ya simu, katikati ya twiga panatokea doa jeupe. Taa lazima ikae ubavuni, kama nyuzi 45, na upande wa pili pawekwe kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga, huku dirisha limefungwa ili mwanga usibadilike wingu likipita. Rangi ya aina hiyo huhitaji usiku mzima kukauka kabla ya tabaka jingine, kwa hiyo mchoro wa matabaka matatu ni wa siku tatu au nne. Siku zote hizo simu irudi mahali palepale, la sivyo picha inaruka kila tabaka linapobadilika. Miguu ya stendi huzungushiwa tepu sakafuni, na urefu huandikwa. Mwishoni unakata saa nyingi za kurekodi kuwa sekunde 40, unaweka maandishi, unatafuta sauti inayoruhusiwa, unapakia kwa bando lako. Hiyo ni nusu siku ya kazi, wakati mwingine siku nzima, kwa kitu ambacho mara nyingi mtambo unakiacha baada ya siku mbili tatu. Wiki ikiwa na video tatu, mchoraji amepoteza muda wa mchoro mmoja. Hasara hiyo haionekani kwenye takwimu zozote za akaunti yake.

Januari 2025 ukurasa wa wasifu nao ulibadilishwa, vijipicha vikatoka mraba vikawa mstatili wa kusimama. Waliopanga kurasa zao kwa uangalifu kwa miaka waliamka wakakuta kazi zimekatwa pembeni. Kwa wenye michoro ya mraba, kama Tingatinga nyingi zilivyo, ncha za kushoto na kulia ndizo zilizoliwa, na aghalabu huko ndiko kwenye mkia wa ndege au sahihi ya mchoraji.

Malalamiko hayakukosekana. Julai 2022, Instagram ilipojaribu kuujaza ukurasa mzima video, mpiga picha mmoja Mmarekani alianzisha ombi la kuitaka irudi ilivyokuwa. Ombi lilisikika pale mastaa Kylie Jenner na Kim Kardashian walipolisambaza, na ndani ya siku chache kampuni ikarudi nyuma kwa muda. Wachoraji wadogo walikuwa wamelalamika kuhusu jambo hilohilo kwa miaka. Kampuni iliwasikia wenye mamia ya mamilioni ya wafuasi, kwa sababu wao wakiondoka inaumia. Mchoraji wa Oysterbay, Dar es Salaam, akiondoka, haiumii.

Kuhusu fedha kuna maneno mengi yasiyo sahihi. YouTube ndiyo yenye utaratibu unaoeleweka. Ili kugawana mapato ya matangazo unahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na kwa video ndefu mwenye chaneli anapata asilimia 55. Lakini tangu Juni 2021 kuna makato ya kodi ya Marekani kwa sehemu ya mapato inayotokana na watazamaji walioko Marekani. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo kiwango ni asilimia 30. Ukipata dola 100 na kati ya hizo 20 zimetoka kwa watazamaji wa Marekani, zinakatwa 6. Usipojaza fomu ya kodi kabisa, makato yanaweza kufika asilimia 24 ya mapato yote, pamoja na ya watazamaji wa Mwanza na Kisumu. Fomu inayomhusu mtu binafsi asiye raia wala mkazi wa Marekani ni W-8BEN, na inajazwa ndani ya akaunti ya AdSense, huduma ya Google inayolipa mapato ya matangazo. Malipo hayatoki hadi salio lifike dola 100, na kabla ya hapo, salio likifika dola 10, huwa inatumwa barua ya kuthibitisha anwani. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuandika anwani ya mtaa ambako hakuna barua inayofika. Tumia sanduku la posta, hata la kuazima kwa mtu unayemwamini.

TikTok ilianza tofauti. Mfuko wake wa 2020 wa kuwalipa watayarishaji wa video ulifunguliwa kwa Marekani na nchi chache za Ulaya, nao ulikuwa chungu cha kiasi maalumu. Watayarishaji walipoongezeka, fungu la kila mmoja lilipungua hata kama yeye alitazamwa zaidi. Mtayarishaji wa video Mmarekani, Hank Green, alilieleza hilo kwa hesabu Januari 2022, akasema kwamba alikuwa akipata kama senti mbili na nusu za dola kwa kila mara elfu moja za kutazamwa. Yeye ana mamilioni ya wafuasi, na anaishi katika nchi ambayo matangazo yake hulipiwa ghali. Mtazamaji wa Tabora huleta pungufu zaidi, kwa sababu watangazaji hununua kwa bei ya soko la nchi ya mtazamaji. Kwa mchoraji hitimisho letu ni hili: fedha za matangazo zisihesabiwe kabisa katika bajeti. Mchoro mmoja uliouzwa kwa M-Pesa unaweza kuzidi mwaka mzima wa hizo senti.

Na hata takwimu zenyewe zinatoka kwa anayeziuza. Mwaka 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa miaka miwili ilikuwa imetangaza wastani mkubwa kupita kiasi wa muda wa kutazama video, kwa sababu hesabu iliwaacha nje wote waliotazama chini ya sekunde tatu. Ziada hiyo ilikadiriwa kuwa kati ya asilimia 60 na 80. Vyombo vya habari vilikuwa vimekwisha kuhamishia wafanyakazi wao kwenye video.

Kazi nazo hupotea. Myspace, mtandao wa kijamii wa zamani, ilipoteza muziki uliopakiwa kati ya 2003 na 2015 wakati wa kuhamisha seva, na umma ukajua 2019. Vine, mtandao wa video fupi, ilitangazwa kufungwa Oktoba 2016. Watanzania hawahitaji mifano ya mbali, kwa kuwa Mei 2025 mtandao wa X uliacha kufunguka nchini kwa njia ya kawaida, na wachora katuni waliokuwa wamejenga wasomaji wao huko waliwapoteza kwa siku moja.

Turudi kwenye akili mnemba. Wengi wetu tunadhani taarifa ya Juni 2024 ilikuwa mwanzo. Mwaka 2023 Meta ilikuwa imekwisha kutoa mtambo wake wa kutengeneza picha uliofundishwa kwa picha za wazi zipatazo bilioni 1.1 za Facebook na Instagram. Septemba 2024, mbele ya kamati ya Seneti ya Australia, ofisa wake alikubali kwamba machapisho ya wazi ya watu wazima tangu 2007 yalikuwa yamechukuliwa, isipokuwa ya walioziweka akaunti zao kuwa za faragha. Wazungu walipewa taarifa na fomu ya kupinga kwa sababu sheria yao inalazimisha. Brazil ilisimamisha jambo hilo kwa muda Julai 2024 kwa amri ya mamlaka yake ya data. Sisi tuna sheria, Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, zenye tume na ofisi zake. Ila sheria bila mlalamikaji haifanyi kazi, na vyama vya wasanii wetu bado hutumia nguvu nyingi zaidi kwenye mirabaha ya redio.

Kinga za kiufundi zipo, na lazima zielezwe kwa ukweli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago wakiongozwa na Ben Zhao walitoa Glaze mwaka 2023 na Nightshade Januari 2024. Glaze hubadilisha pikseli kwa namna ambayo jicho halishtuki lakini mtambo unaona mtindo mwingine. Nightshade huenda mbali zaidi, huufundisha mtambo vibaya, uone mkoba palipo na ng'ombe. Zote ni za bure. Tatizo la kwanza ni kompyuta: bila kadi nzuri ya picha, picha moja inaweza kuchukua muda mrefu sana, ingawa kuna Glaze ya kwenye kivinjari kwa wanaoomba mwaliko. La pili linatuhusu moja kwa moja. Mabadiliko huonekana zaidi kwenye rangi tambarare na mandhari laini, na Tingatinga, katuni na mabango yetu mengi ndivyo yalivyo. Weka kiwango cha chini kwanza, tazama kwenye simu, kisha upandishe. La tatu, picha zilizopakiwa miaka iliyopita hazikingiki tena, na mwaka 2025 watafiti wengine walionyesha njia ya kuigundua na kuiondoa sumu ya Nightshade. Itumie kama komeo, ila usiitegemee kama ukuta.

Je, kuhamia Cara kunatibu? Kunapunguza hasira. Programu ile haifundishii mashine kwa kazi zako, na imeunganishwa na Glaze. Lakini katika wiki ile ya msukosuko Zhang alipata bili ya seva ya dola 96,280, na hapo ndipo ulipoonekana uzito wa kuwahudumia watu laki sita na nusu bila matangazo. Jambo la pili ni kwamba wanaohamia huko ni wachoraji. Wanunuzi hawajahama. Mtalii aliyeona mchoro Unguja akataka mwingine atautafuta Google au Instagram. Kukimbia jukwaa moja kwenda jingine kunarudisha swali lilelile: nani anashika orodha ya watu wako?

Jaribu hili leo. Ingia kwenye mipangilio ya Instagram, fungua Kituo cha Akaunti, tafuta sehemu ya kupakua taarifa zako, chagua muda wote, ubora wa juu, na umbo la HTML ili lisomeke kwa urahisi. Utatumiwa kiungo baada ya saa chache au siku kadhaa, na kina muda wa kuisha, kwa hiyo pakua mara moja, ukiwa na Wi-Fi. Fungua faili la wafuasi. Utakuta majina yao ya mtandaoni na tarehe. Hakuna namba ya simu wala barua pepe. Miaka kumi ya kazi inarudi kama orodha ya majina usiyoweza kumpigia hata mmoja. Picha nazo zimebanwa, hazifai kuchapwa, hivyo faili halisi zihifadhiwe kwenye diski mbili, moja ikae nyumba tofauti.

Mtandao wa kijamii upewe kazi ya mpiga debe: aite watu stendi, lakini nauli na abiria ni vya gari. Gari la mchoraji lina sehemu mbili.

Ya kwanza ni tovuti yenye kikoa chake, yaani jina lake la mtandaoni. Kosa linaloumiza wengi ni kumwachia fundi asajili kikoa kwa barua pepe yake mwenyewe. Siku mkikosana, au akihama, jina limekwenda. Sajili wewe, kwa jina lako na barua pepe yako, iwe .co.tz au .co.ke, na uweke ukumbusho wa kulipia mwezi mmoja kabla ya tarehe ya kuisha. Ukurasa uwe mwepesi: picha 12 zenye upana wa pikseli 1200, kila moja chini ya kilobaiti 200, ni takriban megabaiti 2.4, mzigo ambao bando la mteja linauvumilia. Weka bei. Desturi ya kuandika "bei njoo inboksi" inawafukuza watu wenye haya na watu wenye haraka, na hao ni wengi kati ya wanaonunua. Picha za kupakia Instagram ziwe na upana wa pikseli 1080 au chini yake. Akiiba mtu akachapa fulana kwa upana wa sentimita 30, anapata pikseli 91 tu kwa inchi, ukungu mtupu, ingawa programu za kukuza picha zimepunguza nguvu ya kinga hii.

Ya pili ni kitabu cha namba. Kwetu barua pepe haina mazoea, WhatsApp inayo. Brodkasti moja, yaani orodha ya watu unaowatumia ujumbe mmoja kwa pamoja, inachukua watu 256, na humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Wengi hawalijui hili. Wanatuma kwa watu 200, wanajibiwa na wanne, wanadhani hawapendwi. Siku ya malipo ndiyo siku ya kuomba: mtumie mteja kadi yako ya namba, mwombe aihifadhi kabla hujafunga mzigo, na muulize kama anataka kujulishwa kazi mpya. Andika jibu lake na tarehe, kwa sababu sheria za data zinakubana wewe pia, na asiyetaka aondolewe siku hiyohiyo. WhatsApp ni ya Meta, kweli, lakini namba ziko kwenye simu yako. Zitoe kama faili kila mwezi na uzitunze nje ya simu.

Nyuma ya kila mchoro bandika karatasi yenye jina, mwaka, na anwani ya tovuti. Usitegemee namba ya simu peke yake hapo. Mchoro unaweza kukaa ukutani miaka 20, na laini isiyotumika hurudishwa sokoni ikapewa mtu mwingine. Anwani ya tovuti unaielekeza popote utakapokuwa.

Kila kazi mpya ianze kwenye tovuti, iende kwenye brodkasti, na ndipo ifike Instagram kama picha moja yenye kiungo. Ukifuata mpangilio huo kwa miezi sita utaanza kuona ni wateja wangapi hasa walikuwa wakitoka kwenye mtandao, kwa kuwauliza tu walikupataje na kuandika jibu.

Linalobaki halimo mikononi mwa mchoraji mmoja. Kifungu cha 38 cha sheria ya data ya Kenya kinampa mtu haki ya kupewa taarifa zake katika umbo linaloweza kuhamishiwa kwa mtoa huduma mwingine. Hakuna jukwaa kubwa linalotafsiri haki hiyo kuwa njia ya kumwezesha mchoraji kuwaaga wafuasi wake na kuwaeleza anakokwenda, hata pale mfuasi mwenyewe angekubali kuambiwa. Inawezekana kiufundi: Mastodon, mtandao wa kijamii unaoendeshwa kwenye seva nyingi tofauti, inamruhusu mtu kuhama seva na wafuasi wake wakahamishwa pamoja naye. Chama cha wachoraji kikiandika malalamiko hayo rasmi kwa Kamishna wa Data jijini Nairobi, au kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa upande wa Tanzania, kitakuwa kimeuliza swali ambalo Meta italazimika kulijibu kwa maandishi.